Redio Aliponyamaza

9 Januari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Usiitikie kwa sauti, majirani zako walishakoma. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo na goti lake. Sisi huku hatujambo. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili kwa wakati mmoja, na mkwe wako anasema nyumba imepata amani kwa sababu hawawezi tena kung'atana. Yeye bado anaendesha lori la saruji, bado anarudi jioni akiwa mweupe pe kuanzia nyusi mpaka viatu.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Kila Jumapili napiga, anapokea Mama Mdogo. Nikisema mpe simu nimsalimie, anakwenda, anarudi, ananiambia, "Anasema umwandikie." Umwandikie! Wewe, ambaye ukiongea na simu sebuleni sisi tulikuwa tunakusikia tukiwa barabarani, tukasema huyu simu ya nini, si afungue dirisha tu.

Ila si hilo lililonikalisha kuandika. Mama Mdogo ameniambia kwamba tangu ustaafu kiwandani umekuwa mtu mwingine. Eti akisema, unanyamaza. Eti unamtazama usoni mpaka amalize, humkatizi, humwambii "najua, najua" kama zamani, na akiingia chumbani unazima hata redio. Nikamuuliza, Mama Mdogo, una hakika huyo ni mume wako? Akacheka. Halafu akasema, "Mwanangu, sikujua kama mtu anaweza kunisikiliza hivi." Sauti yake ilikuwa ya msichana.

Baba Mdogo, wewe ndiye tuliyekuita Redio, kwa sababu unasema toka asubuhi na hakuna awezaye kukujibu. Na wewe ndiye uliyenipa mimi jina la Cherehani, kwa huu mdomo wangu unaokwenda bila breki. Damu ni moja. Basi kama Redio ameweza kunyamaza, na mimi niambie dawa, maana naihitaji. Pale kwenye dirisha la malalamiko, idara ya maji, mkuu wangu amenipa onyo. Anasema watu wanakuja na shida moja wanaondoka na mbili, ya maji na ya kwangu. Nikipata onyo la pili nitahamishiwa stoo, nikakae na mabomba.

Nifundishe. Sitanii.

Mwanao,
Cherehani


28 Januari

Cherehani wetu,

Marahaba, na nimeitikia kwa sauti, majirani wakome tena. Barua yako imenifanya nicheke peke yangu mpaka mama yako mdogo akaja kuchungulia. Yeye mzima. Goti lake linatabiri mvua kuliko wale watu wa hali ya hewa. Paa la jikoni bado linavuja palepale, nami bado nasema nitapanda wiki ijayo. Wajukuu wangu uwabusu kwenye mapengo.

Simu niachie vijana. Mtu unaongea na kitu kisicho na uso, utajuaje kama kinakuelewa? Barua nzuri. Barua unaisoma mara mbili.

Sasa hiyo dawa. Wewe hukuwahi kuingia kiwandani kwetu, kwa hiyo nikusimulie. Mashine za kusaga zikishawaka, husikii hata ukijizomea mwenyewe. Basi sisi wasagaji tuliongea kwa midomo mitupu, bila sauti. Mwenzako yuko upande ule wa mashine, wewe upande huu, vumbi la unga katikati, unamkodolea macho mdomoni unajua anasema mkanda umelegea, au mkewe amejifungua, au chai imeletwa. Ukigeuza shingo umekosa. Kule nilikuwa msikilizaji hodari, mwanangu, uliza yeyote. Kisha jioni narudi nyumbani na makelele yote kichwani, naanza kunguruma. Mama yako mdogo alikuwa akisema na mgongo wangu.

Nilipostaafu nikajiuliza, ule utulivu niliowapa wasagaji wenzangu, kwa nini mke wangu asiupate?

Kwa hiyo fanya hivi. Mtu akija dirishani kwako, inua uso, umtazame usoni, hasa mdomoni. Kalamu weka chini. Kama kuna feni inapiga kelele au redio, zima. Usijibu mpaka mdomo wake ufunge, na ukifunga, ngoja tena kidogo, maana mara nyingi jambo lenyewe linatoka mwisho. Halafu mrudishie maneno yake: "Unasema maji hayajatoka tangu Jumapili?" Akisema ndiyo, umemwelewa. Akisema hapana, ashukuriwe, amekuokoa. Na ukae mahali penye mwanga. Watu hawaeleweki gizani.

Hiyo tu. Hakuna uchawi. Ila mwanzo utachoka, tena sana, kusikiliza ni kazi ya nguvu kuliko kubeba magunia.

Baba yako mdogo,
Redio


2 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za jino jipya la Kurwa. La Doto bado linajishauri. Mkwe wako alipata mafua ya vumbi, sasa ni mzima na anakula kama anayelipiza kisasi.

Haya, kaa chini nikusimulie. Nilianza siku ileile niliyopata barua. Nikazima feni, wenzangu wakanuna. Wa kwanza kuja akawa yule mama wa ndoo. Huyu mama kila wiki anakuja na ndoo tupu, anaigonga juu ya kaunta mbele yangu, na mimi namgongea maneno, tunakuwa kama ngoma mbili. Siku hiyo nikaweka kalamu chini, nikamtazama mdomoni. Akagonga ndoo. Nikatazama tu. Akasema yote, mabomba, mita, wizi wetu, ukoo wangu. Mdomo ukafunga. Nikangoja kidogo tena, ulimi wangu ukiniwasha kama una upele. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Na nina mgonjwa kitandani, siwezi kumfulia mashuka."

Nikamrudishia: "Una mgonjwa, na huwezi kumfulia mashuka." Akaanza kulia. Baba Mdogo, miezi yote hiyo ndoo ikigongwa, sikujua habari ya mgonjwa. Fundi alikwenda kwake mchana huohuo, nilimsukuma mwenyewe.

Tangu hapo watu wanapanga foleni dirishani kwangu hata kama dirisha la pili liko wazi. Mkuu wangu alipita, akasimama, akaondoka bila neno, na kwa mkuu wangu hiyo ni zawadi. Nyumbani nako nilimfanyia mkwe wako. Alikuwa anaeleza habari ya gia ya lori, habari ambayo kwa kawaida naipokea nikiwa naosha vyombo. Nikakaa mbele yake, nikamtazama. Alisimama katikati ya sentensi akaniuliza, "Nimekosa nini?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa amezoea. Jana ameniambia jambo kuhusu marehemu mama yake ambalo hajawahi kumwambia mtu.

Nataka ujue kwamba nakuvulia kofia. Mtu mzima, mwenye jina lake, mwenye sauti yake, kuamua uzeeni kujigeuza hivyo! Sisi tunanunua vitabu vya kutufundisha kuishi, na kumbe somo liko kwa Redio. Jumapili nitapiga. Pokea simu mara moja tu, nisikie sauti yako ikisema "marahaba", hata kama nitaisikia bila simu.

Mwanao,
Cherehani


20 Machi

Mwanangu Cherehani,

Marahaba ya maandishi, hiyo ndiyo iliyopo. Jumapili ulipopiga nilikuwa nimetoka.

Sisi wazima. Paa linavuja. Mvua imekuja kubwa na goti lilishatuambia. Habari ya mama wa ndoo nimeisoma mara nyingi, nikaenda nayo kwa wazee wenzangu wa kiwandani, nikawaambia, huyu ni damu yangu. Umenipa fahari ambayo sikuistahili.

Nikupe na mimi la kwangu. Siku hizi mama yako mdogo akimaliza kupiga pasi nguo za wateja, anakuja na vikombe viwili vya chai, anakaa kwenye kiti kilichoelekea changu, pale dirishani penye mwanga. Ananisimulia. Wiki iliyopita kanisimulia kwamba alipokuwa msichana alipita mahali panapojengwa ghorofa, akaona winchi, akatamani kuiendesha. Si mzaha. Alikwenda pale kila siku akitoka shule, akamtazama dereva kule juu, akahesabu jinsi anavyovuta vyuma. Siku moja akaomba apande, wakamcheka, naye akapanda hivyohivyo walipokwenda kula, akafika nusu ya ngazi. Nimelala na mwanamke huyu miaka yote hii na sikujua kwamba nimeoa dereva wa winchi. Nilimtazama mdomo wake ukisema hayo nikaona uso wa msichana yule. Ananipenda upya, mwanangu. Naona haya kuandika lakini ni kweli, na mimi nampenda mpaka naogopa.

Kitu kimoja tu. Unakumbuka alivyokuwa akiimba wakati wa pasi? Ule wimbo mmoja, toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na ubeti wa pili akikosea maneno palepale, nami nikimpigia kelele kutoka sebuleni, "Umekosea!" Siku hizi ameacha. Meza yake ya pasi imeelekea ukutani, namwona mgongo tu, kimya. Sijui kwa nini ameacha. Sitaki kumuuliza. Mtu akiacha kuimba ana sababu zake.

Usipige Jumapili, nitakuwa nimetoka tena.

Baba yako mdogo,
Redio


5 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Watoto wazima, baba yao mzima, meno yamekamilika. Samahani kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi, na wewe unanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno.

Nitaanza na habari njema: mkuu wangu amenipa kazi ya kuwafundisha wapya wa dirishani. Amesema niwafundishe "ile njia yako". Nikamwambia si yangu, ni ya baba yangu mdogo.

Sasa mengine. Nimempigia Mama Mdogo, kama kawaida yangu Jumapili. Alikuwa anapiga pasi, simu kaiweka mezani, ananiambia subiri nimalizie kola hii. Na wakati nasubiri, Baba Mdogo, alikuwa anaimba. Wimbo uleule. Ubeti wa pili akakosea palepale. Nikamuuliza, umeanza tena kuimba? Akashangaa. Akasema hajawahi kuacha hata siku moja, ila wewe umeacha kumpigia kelele, na amechukua kwamba hiyo nayo ni sehemu ya wema wako mpya.

Halafu juzi alikuja mzee mmoja dirishani kwangu. Nikamsikiliza kwa njia yako, tukaelewana vizuri kabisa. Kisha nikainama kuandika huku nikiendelea kumwuliza namba ya nyumba. Hakujibu. Nikauliza tena. Ndipo akagonga kioo taratibu akasema, "Inua uso, binti yangu. Ukiinama, kwangu ni kama husemi."

Kumtazama mtu mdomoni. Kuzima feni. Kukaa mahali penye mwanga. Kumrudishia mtu maneno yake ili akusahihishe. Kutopokea simu. Nimeyapanga yote kichwani, na najua kuuliza si ujinga, kwa hiyo nakuuliza kama mtoto wako: Baba Mdogo, unasikia?

Nakuuliza kwa sababu kuna jambo lazima ulijue. Mwezi uliopita umeme ulikatika jioni, mkakaa sebuleni gizani. Unakumbuka? Mama Mdogo alikuambia kitu. Ameniambia mimi, akilia. Alikuambia, "Ahsante, mzee wangu. Mwaka huu umenipa kitu nilichokingoja tangu unioe." Hukujibu. Akangoja. Baada ya kitambo ukasema, "Mshumaa uko wapi?"

Tangu siku hiyo haleti chai dirishani. Anadhani umemchoka. Anadhani alikuwa anakusumbua na hadithi zake za winchi, na wewe ulikuwa unavumilia tu. Siku moja atazihifadhi zote tumboni kama zamani, na hutazipata tena.

Sijamwambia ninachokifikiri. Nenda hospitali ukapimwe. Na umwambie wewe. Mficha maradhi, unajua wanavyomalizia.

Mwanao anayekuheshimu kuliko jana,
Cherehani


30 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima.

Mama Mdogo anasema barua yangu ilifika, ukaisoma, ukapanda juu ya paa la jikoni ukaliziba siku nzima. Kwa hiyo najua umenielewa.

Sina hasira na kimya chako. Sijamwambia na sitamwambia. Ila chai bado haijarudi dirishani, nimemuuliza.

Mwanao,
Cherehani


21 Julai

Cherehani, mwanangu,

Marahaba. Paa halivuji tena. Hilo ndilo jibu la kwanza la barua yako, la pili hili hapa.

Sisikii. Sikio la kushoto lilikufa kabla sijastaafu. La kulia linanipa ngurumo tu, kama mashine iko chumba cha pili, na ukisimama karibu sana ukapiga kelele naokota neno moja moja. Nilikuwa najua. Mtu anajua. Kinu kilikuwa kinakula masikio yetu kidogo kidogo, na sisi tukijisifu kwamba tunaongea bila sauti.

Mwanzo nilikuwa naficha tu. Niliona haya. Redio asiyesikia, si watanicheka mpaka makaburini? Nikaanza kumtazama mama yako mdogo mdomoni ili nisikamatwe. Nilinyamaza kwa kuogopa kujibu pumba. Nilimrudishia maneno yake kwa sababu sikuwa na hakika nayo. Na yeye akaniona nimekuwa mtu mwema. Akafurahi. Akaanza kusema. Na alivyosema, mimi nikasahau kwamba naficha. Nilitaka kujua. Nilingoja saa ya chai kuliko nilivyowahi kungoja mshahara.

Sasa unielewe kwa nini sikujibu. Nikimwambia "mke wangu, mimi kiziwi", atarudi nyuma kwenye chai zote zile. Atasema: kumbe alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anaangalia midomo. Kumbe hakunisikiliza, alikuwa anabahatisha. Nitamnyang'anya kitu ambacho yeye mwenyewe amesema alikingoja tangu nimwoe. Heri anione nimemchoka kuliko ajione alidanganywa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri juu ya paa.

Na maneno yale ya gizani. Mwanangu, niliyasoma kwenye barua yako, kwa mwandiko wako, mwezi mzima baada ya yeye kuyasema. Alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Mimi nikauliza mshumaa, kwa sababu nilitaka mwanga nimwone. Nimelia, nakwambia wazi, mzee mzima juu ya bati.

Hospitali nimekwenda kimyakimya. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu halikumsikia hata daktari, ikabidi aniandikie. Anasema la kulia likivaa kifaa litasaidika kiasi. La kushoto basi.

Wewe ndiye msikilizaji wa kweli katika ukoo huu. Mimi nilikufundisha njia ya kiziwi nawe ukaifanya ya binadamu. Niambie nifanye nini.

Redio


4 Agosti

Baba yangu Mdogo,

Shikamoo, na nakukumbatia kwa barua. Salamu za nyumbani nitazileta barua nyingine, leo naruka.

Mimi nilikuwa na masikio mawili mazima, na mama wa ndoo alinigongea kaunta miezi bila mimi kumsikia. Wewe ulikuwa na masikio mazima nusu ya ndoa yako, na Mama Mdogo alikuwa anasema na mgongo wako. Ni maneno yako mwenyewe hayo. Sasa niambie, ni lini ulimdanganya?

Unasema ulikuwa unabahatisha. Mtu anayebahatisha hawezi kuniandikia habari ya msichana aliyepanda nusu ya ngazi wafanyakazi walipokwenda kula. Hiyo uliibeba nzima nzima, hukuangusha hata kipande. Nimewasomea wapya wangu kipande hicho, nikawaambia, hivi ndivyo mtu anavyosikilizwa. Sikuwaambia una masikio ya aina gani, kwa sababu haikubadilisha kitu. Nilikuheshimu nikidhani umejirekebisha kwa raha zako. Sasa najua ulikuwa unafanya kazi ya magunia kila jioni ili usikose neno la mkeo, na sina kofia za kutosha za kukuvulia.

Usinyamaze kwa kumhurumia. Unajua alivyo mama yule, alitaka kuendesha winchi, hatavunjika kwa habari ya sikio. Kinachomvunja ni kungoja. Amekushukuru na hujamjibu hadi leo. Anza na hilo. Keti penye mwanga umjibu.

Mwanao,
Cherehani


15 Septemba

Cherehani,

Marahaba. Sote wazima, na safari hii nikisema sote nina maana sote.

Nilipiga moyo konde siku tatu mfululizo nikashindwa. Siku ya nne nikaenda nikasimama kati ya meza ya pasi na ukuta, mahali ambapo hasimami mtu, nikamwona uso. Nikasema, "Lile ulilonishukuru gizani, sikulisikia. Ningelisikia ningekujibu kwamba mimi ndiye wa kushukuru. Sisikii, mke wangu. Nakuona tu."

Akabaki na pasi juu ya shati la mteja, mpaka mimi nikanusa kabla yake. Shati limeungua mgongoni, tutalilipa. Akazima pasi. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia. Akanitazama kama anayenipima koti. Kisha akauliza, "Winchi ilikuwa rangi gani?"

Nikajibu, "Manjano. Na ngazi yake ilikosa kipandio kimoja, ndipo ulipoishia."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Nikangoja, kama nilivyokufundisha, lakini mdomo ulikuwa umefunikwa na mimi sikuwa na pa kusoma. Alikwenda kulala bila kuniaga. Kesho yake asubuhi hakusema, na mimi nikajua nimepoteza kila kitu, nikakulaani kimoyomoyo, unisamehe. Nikatoka kwenda kununua mkate, si kwamba mkate ulikuwa umekwisha.

Niliporudi meza ya pasi haikuwa ukutani. Alikuwa ameiburuta mwenyewe, na goti lile, akaazima kwa jirani waya wa kuongezea umeme, akaigeuza yote ikaelekea kiti changu. Dirisha likawa linammulika usoni. Vikombe viwili vya chai vilikuwa juu ya stuli. Akanionyesha kiti kwa kidole, nikakaa kama mwanafunzi.

Akachukua shuka la mteja, akaanza kupiga pasi. Na mdomo wake ukafunguka. Sikujua mara moja ni nini, nilidhani anasema nami, nikainama mbele nisikose. Kisha nikaona midomo inavyovuta maneno, nikaujua wimbo. Mwanangu, nilikaa pale machozi yananidondoka kwenye chai. Ubeti wa kwanza ulipita. Ukaja wa pili. Nikamwona anakaribia pale pake, mahali pale pale, na akapita vibaya vilevile kama miaka yote.

Sauti ikanitoka yenyewe, ile ya zamani, majirani wote waliisikia. Nikanguruma, "Umekosea!"

Akaiweka pasi wima. Akanitazama usoni, akatengeneza mdomo taratibu ili nisikose hata kidogo, akasema, "Kumbe unasikia."

Baba yako mdogo,
Redio